Redio ya Homa Bay, 1982 hadi 1984: maswali yenye watu huniuliza kila wakati

Hiyo redio ilikuwako kweli ama ni hadithi za wazee?

Ilikuwako. Ilifunguliwa Mei 1982 pale Homa Bay mjini, wakati huo ikiitwa wilaya ya South Nyanza kabla haya mambo ya kaunti, na ikafungwa 1984. Miaka miwili hivi. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ndio walikuja na mradi, Voice of Kenya ya serikali ikawa ndani yake, na matangazo yalikuwa kwa Kijaluo. Nimekutana na vijana wamezaliwa Homa Bay, wanasikiza FM za Kijaluo kutoka asubuhi hadi wakilala, na hakuna mtu amewahi kuwaambia kwamba kitu kama hicho kilianzia kwao, miaka mingi kabla Nairobi yenyewe ipate FM ya mtu binafsi. Inaniuma, na ndio sababu nimekaa chini nikaandika haya yote mahali pamoja.

Ilikuwa AM ama FM? Baba yangu anaapa walikuwa wanaishika kwa AM.

Hapa watu hubishana hadi wengine wanakasirika. Redio ya Homa Bay ilikuwa FM. Kile mzee wako alikuwa anashika kwa AM, yaani mawimbi ya kati, ile "MW" imeandikwa kwa uso wa redio, ilikuwa Voice of Kenya kutoka Kisumu. VoK Kisumu pia ilikuwa na vipindi vya Kijaluo, pamoja na lugha zingine za huku magharibi, kwa hivyo ukimuuliza mtu wa miaka sabini leo kama alisikia Kijaluo kwa redio 1982 atakwambia ndio na hakudanganyi, ni vile tu redio mbili zimechanganyika kwa kichwa chake. Mimi hutumia swali moja: mlikuwa mnaisikia mkiwa wapi? Akisema Siaya, ama Kericho, ama akiwa kazini Nakuru, basi hiyo ilikuwa Kisumu.

Na hiyo ya Kisumu isidharauliwe. Miaka ya 1950, mkoloni bado yuko, kulikuwa na stesheni za mikoa: Mombasa walikuwa na Sauti ya Mvita, Nyeri wakawa na Mount Kenya, na Kisumu ikawa na Lake Station. 1964 serikali ya uhuru ikachukua utangazaji wote ikauita Voice of Kenya, na 1989 jina likabadilika kuwa KBC. Sahii Kijaluo cha KBC kiko Mayienga FM. Kwa hivyo wimbi la AM la Kisumu ndilo lililea masikio ya Nyanza nzima, lakini lilikuwa linaendeshwa na mpango wa Nairobi. Homa Bay ilikuwa jaribio la kitu kingine, redio ndogo ya mji mmoja na vijiji vyake.

Kama kila mtu alikuwa na AM, kwa nini walichagua FM?

Pesa. Hebu nieleze kidogo kwa sababu hili swali ndilo watu huliruka na ndilo linaeleza kila kitu kingine.

Wimbi la AM ni refu sana. Stesheni ikiwa kwa 1,000 kHz, wimbi lake moja lina mita 300, na mlingoti mzuri wa kulirusha unataka robo ya hapo, yaani mita 75, chuma kitupu kimesimama kwa shamba, na chini yake unafukia nyaya za shaba kuzunguka pande zote. Alafu unahitaji mtambo mkubwa, stima nyingi, walinzi, fundi wa kukaa hapo. FM nayo, ukiwa karibu na 100 MHz, wimbi lina mita 3 tu, kwa hivyo antena ya mita moja na nusu inatosha, mtu anaifunga kwa bomba juu ya paa na inafanya kazi. Mtambo wenyewe ukiwa wa nguvu ndogo unaweza kuubeba kwa mikono.

Lengo la Homa Bay lilikuwa hilo hasa, kuona kama redio ya mashambani inaweza kujengwa kwa bei ya chini kabisa. Mradi uligharimu chini ya dola 25,000. Kwa utangazaji hiyo si kitu. Ilionyesha kwamba mji wa wavuvi na wakulima unaweza kuwa na sauti yake bila kungoja serikali ipate mamilioni ya kusimamisha mlingoti.

Lakini sasa ile bei rahisi ya studio ililipwa na msikilizaji. Redio za nyumbani wakati huo, zile za mbao na zile za plastiki za mawe manne, yaani betri nne, nyingi zilikuwa na mawimbi ya kati na mafupi pekee. Kupata FM ilitaka redio mpya, na redio mpya ilikuwa ya mwalimu, ya karani, ya mtu ametoka Nairobi. Mimi naona hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mradi mzima, na nasema hivyo nikiwa mtu anaipenda hiyo redio. Ukijenga stesheni ya maskini kwa wimbi lenye maskini hawezi kushika, umemwachia nusu ya kazi jirani mwenye redio nzuri.

Ilikuwa inafika wapi?

Karibu tu. FM ni kama macho, inafika mahali unaweza kuona, mlima ukisimama katikati basi umekatika. AM ya mchana inatambaa na ardhi inapita nyuma ya vilima, na usiku inaruka juu kabisa angani inarudi chini mbali sana, kwa sababu tabaka moja la hewa ya juu lenye linameza mawimbi hayo mchana huisha jua likizama, ndio maana wazee wetu walikuwa wanashika Dar es Salaam usiku bila shida na mchana hawaipati. FM haina hiyo bahati.

Homa Bay mji umekaa kando ya ghuba, kilima cha Got Asego kimesimama hapo kama mtungi umefunikwa. Kwa upande wa maji hakuna kizuizi, ziwa ni uwanja. Kwa upande wa nchi kavu ni kilima na kilima. Sisi tulikuwa tunaishi upande wa Kendu Bay na nyumbani kwetu haikusikika kabisa, na hata ingefika, redio yetu haikuwa na FM.

Wewe uliisikiaje basi?

Kwa mama mkubwa. Alikuwa ameolewa Homa Bay na shule zikifungwa tulikuwa tunapelekwa huko. Jirani yake alikuwa na redio kaseti yenye FM, imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa na uzi, eriali imevunjika juu ikaongezewa waya wa kufunga lori, na ule waya ulitoka dirishani ukafungwa kwa mti wa mapera. Mtoto akigusa huo mti wakati watu wanasikiliza alikuwa anapigiwa kelele na boma lote. Mawe yakiisha nguvu yalitolewa yakaanikwa juu ya bati, jua likiyapiga yanapata uhai wa nusu saa ingine, na kazi ya kuyaangalia yasiibiwe ilikuwa yangu.

Nakumbuka mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Sauti ya mama ikawa inaongea juu ya maji ya ziwa, kwamba yachemshwe kabla ya kunywa, na alikuwa anaongea venye watu wa pale huongea, si kile Kijaluo cha kusoma kutoka karatasi tulikuwa tumezoea kutoka Kisumu. Mama mkubwa aliacha kuchambua omena. Mikono ikabaki hivyo, samaki wawili watatu wamekwama kwa vidole, akasema "huyu si mtu wa mbali". Alisema hivyo tu, akaendelea. Mimi nimefanya kazi zingine maisha yangu yote, sijawahi kuwa mtangazaji, lakini hiyo siku sijaisahau.

Walikuwa wanatangaza nini?

Masaa machache kwa siku. Afya, kilimo, elimu ya watu wazima, utamaduni, muziki. Wazo lilikuwa waende kwa watu na mashine ya kurekodi, warudi na sauti zao, badala ya kungojea habari ishuke kutoka juu. Muziki wa pale ulikuwa mwingi wa kuchagua, ala za nyuzi za nyatiti na orutu, na muziki wa gitaa wa benga ulikuwa umekomaa. Waliosikiliza wengi hukumbuka sauti kuliko vipindi, na hata mimi niko hivyo.

Ni ukweli ilikuwa ya kwanza Afrika?

UNESCO huitaja kama redio ya kwanza ya jamii Afrika na mimi nakubaliana nao, ila kwa maelezo kidogo. Senegal walikuwa na vipindi vya redio vya wakulima tangu 1968, wakulima wanajadiliana na wanasema shida zao wazi, lakini hivyo vilikuwa vipindi ndani ya redio ya taifa. Sri Lanka, mbali na Afrika, walianza redio ya Mahaweli 1981. Homa Bay ilikuwa stesheni yenyewe, na mtambo wake, mahali pake, kwa ajili ya watu wa pale. Mali walifungua redio ya Kayes 1988, miaka sita baadaye, na hiyo ndiyo watu wengi wa mambo haya huitaja sana kwa sababu iliishi.

Lakini ukiniuliza kama ilikuwa "ya jamii" kwa maana ya kumilikiwa, hapana. Wavuvi hawakuwa na kamati ya kuisimamia, kina mama wa soko hawakuwa na kura. Ilikuwa chini ya serikali. Sauti zilikuwa za watu wa Homa Bay na ufunguo ulikuwa Nairobi. Hili jambo dogo ndilo liliimaliza.

Ilifungwa kwa sababu ya mapinduzi ya 1982?

Swali hili naulizwa kuliko yote na nitajibu polepole.

Angalia tarehe. Redio inafunguliwa Mei 1982. Juni mwaka huohuo Bunge linabadilisha katiba, Kenya inakuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Jumapili tarehe 1 Agosti, askari wa jeshi la anga wanaingia Voice of Kenya Nairobi, wanamtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, yeye mtangazaji wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana, wanamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku iishe jeshi limerudisha stesheni mikononi mwa Rais Moi. Aliyekuwa mbele ya yale mapinduzi, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mjaluo. Mwisho wa mwaka huo Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa mkubwa wa Wajaluo, anafungiwa nyumbani kwake Kisumu, haruhusiwi kutoka hadi 1983.

Sasa fikiria wewe ni mkubwa serikalini Nairobi, umeona kwa macho yako kwamba mtu akishika redio kwa masaa machache nchi nzima inatetemeka, alafu unakumbuka kuna mtambo mdogo huko Nyanza unaongea lugha huielewi. Mimi sisemi mapinduzi ndiyo yaliifunga, maana ilikaa hadi 1984, zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo, na kama ingekuwa ni hasira ya Agosti ingezimwa wiki hiyohiyo. Ila ile hali ya woga ndiyo ilikuwa hewa ya nchi. Serikali ilikuwa inataka utangazaji ukae pamoja, sauti moja, Kiswahili na Kingereza mbele, na kugawia mikoa redio zake halikuwa jambo walilotaka liendelee. Serikali ndiyo iliifunga. Wasikilizaji hawakuchoka nayo.

Mimi 1984 naikumbuka kwa ukame na mahindi ya njano ya msaada, yenye watoto tulikuwa tunakataa. Tulienda Homa Bay likizo moja na waya bado umefungwa kwa mti wa mapera, na ile redio imewekwa kwa stesheni ya Nairobi. Hakuna mtu alitueleza kitu. Wakati huo watu hawakuwa wanauliza mambo ya serikali kwa sauti.

Si serikali ilikuwa na haki ya kuogopa redio za lugha ya mama? Angalia Rwanda.

Nalipokea hili swali kwa heshima kwa sababu wanaouliza wengi walipoteza watu kwa vurugu za 2008. Redio ya RTLM ya Rwanda ilianza 1993 na 1994 ikatumika kuchochea mauaji. Hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa 2007, redio za lugha za mama zililaumiwa sana, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa hadi ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, kesi ikakatizwa 2016. Mimi niko Nakuru miaka mingi na nilikuwa hapa Januari 2008. Najua neno likitoka kwa spika linaweza kufanya nini kwa mtaa.

Lakini Homa Bay haikuwahi kupata hiyo nafasi ya kukosea wala ya kusahihishwa. Kama ingeachwa ikakua kutoka 1982, tukajifunza polepole redio ya mtaa inaendeshwa vipi, nani anakaa kwa kamati, mtangazaji akiongea vibaya anaitwa na nani, tungefika 2007 tukiwa na uzoefu wa miaka 25. Badala yake tulinyamazishwa alafu tukafunguliwa mlango wote mara moja, redio nyingi zikiwa za biashara, na hakuna mtu alikuwa amezoea. Hiyo ndiyo hasara ya kufunga, na ndio maana sikubali mtu akisema kilikuwa kitu kidogo.

Baada ya hapo ilichukua muda gani Kenya kupata redio nyingine ya jamii?

Mrefu. FM ya kwanza ya mtu binafsi ilikuwa Capital FM, 1996, Nairobi, Kingereza. Sheria ya mawasiliano ikaja 1998. Kameme ikaanza kwa Kikuyu 2000, Ramogi ikafuata kwa Kijaluo, lakini hizo ni kampuni. Redio ya jamii yenyewe hasa, ya vikundi vya watu, wengi hutaja Redio Mang'elete ya Ukambani iliyoingia hewani 2004 ikisimamiwa na vikundi vya kina mama. Hesabu kutoka 1984. Miaka 20 kamili. Kisumu wakapata Radio Lake Victoria kupitia OSIENALA, watu wa kulinda ziwa, na mtaa wa Korogocho, Nairobi, wakaanzisha Koch FM 2006. Mwaka wa 2009 ndipo sheria ilipanga utangazaji wa jamii kama kundi lake lenyewe, kando na ule wa biashara na ule wa serikali.

Kuna mtu aliyekuwa akifanya kazi pale naweza kuongea naye?

Sitoi majina ya watu hapa, wengine ni wazee sana na wengine hawataki kusumbuliwa. Kama ni wa familia yako, kaa naye jioni, weka simu mezani inarekodi, usimuulize tarehe kwanza. Muulize mlango wa studio ulikuwa unaangalia wapi. Muulize walikuwa wanakula nini mchana. Tarehe zinakuja zenyewe.

Nimepata kaseti za zamani kwa sanduku la babu, zinaweza kuwa za ile redio. Nifanye nini?

Tafadhali usiziweke kwa mashine kwanza. Najua unatamani. Ngoja.

Mjomba wangu alikuwa na kaseti moja ya C-60, ya dakika sitini, aliyorekodi kutoka kwa ile redio ya jirani, nusu saa kila upande, na katikati ya miaka ya 90 mtu wa kwao akarekodi juu yake nyimbo za kwaya. Nilipoisikiliza, mwanzo ni kwaya, katikati ni kwaya, na mwisho kabisa wa upande B, pale kwaya iliishia mapema, kuna kama sekunde arobaini za mtu akiongea Kijaluo na kuku akilia karibu na maiki ama karibu na redio, siwezi kujua. Hizo sekunde arobaini ndizo nilizo nazo.

Kwa hivyo kwanza angalia mgongo wa kaseti, kuna vimeno viwili vya plastiki pembeni. Vivunje vyote viwili na kisu, hapo hakuna mtu ataweza kurekodi juu yake tena kwa makosa. Pili, fungua sanduku ukae na kaseti ndani ya nyumba siku mbili tatu, mahali pakavu, mbali na spika na jua, zizoee hewa. Ukiona unga mweupe kwa utepe hiyo ni ukungu, iweke kando peke yake isiambukize zingine. Kaseti ikiwa safi, ingiza biro kwa tundu uzungushe polepole kwa mkono hadi mwisho na kurudi, usikie kama utepe unanata. Alafu tafuta deki nzuri, si ile ya matatu ya zamani, safisha kichwa chake na pamba na spiriti, ungoje ikauke, na ujaribu kwanza na kaseti yenye hata ikikatika hutalia.

Ikikubali, toa waya kutoka tundu la hedfoni la deki hadi kwa kompyuta, rekodi upande wote bila kusimamisha hata kama ni kwaya, hata kama ni kelele tupu, na uhifadhi kama WAV kabla uanze kuipunguza ama kuisafisha. Sikiliza hadi utepe uishe wenyewe. Mwisho wa upande B hasa.